Umesasisha GIMP, plagini imepotea? Anzia kwenye folda

Una steshenari pale Makoroboi au Kirumba, wateja wamepanga foleni wanataka paspoti saizi. Unafungua GIMP uliyoisasisha jana, unatafuta ile plagini ya kupanga picha nane kwenye karatasi moja. Haipo! Usiifute GIMP kwanza.

Plagini ni programu ndogo inayochomekwa kwenye programu kubwa na kuiongezea kazi. GIMP ni ya bure na msimbo wake uko wazi, hivyo yeyote anaweza kuitengenezea. Balaa limekuja na GIMP 3.0, iliyotoka Machi 2025. Plagini nyingi za 2.10 ziliandikwa kwa Python 2, na 3.0 inataka Python 3. Hizo lazima zirekebishwe msimbo, hakuna ujanja.

Ila kuna zinazogoma kwa kosa dogo tu. Kwenye 3.0 hutupi faili peke yake ndani ya folda ya plug-ins. Kama faili inaitwa pasipoti.py, iweke ndani ya folda yake inayoitwa pasipoti, jina lilelile. Herufi moja ikitofautiana, GIMP inaipita kama haijaiona. Folda ilipo utapaona kwenye Edit, kisha Preferences, kisha Folders. Wa Linux, faili ipewe pia ruhusa ya kuendeshwa. Funga GIMP, fungua tena.

Kwa hiyo ukimrushia mwenzako, tuma folda nzima kwenye zip na uandike ni ya toleo gani. Iliyoandikwa kwa C na kutengenezwa kwa ajili ya Windows haitawaka kwenye Linux. Ya Python mara nyingi inakubali kote, tena nyepesi, haili bando.

Sasa hapa ndipo watu wanalizwa. Plagini ikishawaka inaweza kusoma chochote unachoweza kusoma wewe, zikiwemo nakala za vitambulisho vya NIDA ulizoskania wateja. Hata GIMP yenyewe, mwaka 2015 ilikutwa SourceForge ikiwa imefungashwa pamoja na programu za matangazo, wakati watengenezaji wake walishahama hapo tangu 2013. Pakua gimp.org tu. Na ukiletewa plagini ya .py kwenye flashi, ifungue kwanza kwa Notepad: kama kazi yake ni kupanga picha halafu unakuta inaita anwani za intaneti, mrudishie mwenyewe flashi yake.