Mwani na Mawimbi: Soma Bahari ya Kesho Kabla Hujashuka Shambani



Leo tunashuka pwani. Vijana wengi wanaingia kwenye kilimo cha mwani wakiwa na hesabu nzuri ya kamba, mbegu na bei ya kilo, lakini hesabu ya bahari hawana. Wanauliza, "Afisa, nianze na kamba ngapi?" Swali zuri, ila linakuja la pili. La kwanza ni hili: kesho maji yanapwa saa ngapi, upepo unatoka wapi, na mawimbi yatakuwa na urefu gani? Ukishindwa kujibu hilo, kamba mia moja ni hasara mia moja.

Nitatumia mfano wa Paje na Jambiani, mashariki ya Unguja. Huko ndiko kilimo cha mwani cha biashara kilikoanza Zanzibar mwaka 1989, na mpaka leo wakulima wengi ni akina mama. Kanuni zenyewe zinamfaa pia mkulima wa Pemba, Tanga, Bagamoyo, Mafia au Kibuyuni kule Kwale, mradi azipime kwenye ufuko wake.

Kwanza, saa ya maji

Shamba la vigingi na kamba unalihudumia maji yakiwa yamepwa. Kwa hiyo ratiba yako ya kazi inapangwa na mwezi. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu tunapata bamvua: maji yanapwa sana na kujaa sana. Katikati yake ni maji mafu, yanapwa kidogo na kujaa kidogo, na mashamba mengi ya mbali hayafikiki kwa mguu.

Kwa pwani yetu kuna jambo moja la kukariri. Siku za bamvua maji hupwa kabisa mnamo saa nne hadi saa tano asubuhi, na tena usiku saa kama hizo. Kila siku saa hiyo inasogea mbele kwa wastani wa dakika 50. Ndiyo maana mama zetu wakiutazama mwezi tu wanajua kesho watashuka saa ngapi. Wewe una simu, basi tumia vyote viwili.

Ukifungua jedwali la maji kwenye simu, angalia mambo mawili. La kwanza, 10:20 kwenye jedwali ni saa nne na dakika ishirini asubuhi, si saa kumi. Usicheke, watu wanakosa maji kwa kosa hili. La pili, hakikisha jedwali linatumia saa za Afrika Mashariki. Kama linatumia saa za kimataifa za UTC, ongeza saa 3.

Halafu pima jedwali kwenye ufuko wako. Majira ya bandarini yanaweza kupishana kidogo na ya upande wako wa kisiwa. Simika kijiti chenye alama kila sentimita 10 pembeni ya shamba, uandike kwa wiki moja saa ambayo maji yamekuwa ya chini kabisa. Tofauti utakayoipata ndiyo utakayoongeza au kupunguza siku zote.

Faida nyingine ya kuhesabu mwezi ni hii: kutoka bamvua moja hadi nyingine ni takriban siku 15. Mwani huvunwa baada ya wiki sita hivi. Maana yake ukipanda bamvua hii, bamvua ya tatu inayofuata ni yako ya kuvuna, karibu siku ya 44. Gawa shamba mafungu matatu, upande fungu moja kila bamvua. Hapo utakuwa unavuna kila baada ya wiki mbili badala ya kusubiri fedha mwezi na nusu.

Maji yanarudi kwa kasi gani?

Sasa hapa ni suala la uhai, soma taratibu. Maji hayarudi kwa mwendo mmoja. Mabaharia wana hesabu ya sehemu kumi na mbili: katika saa sita za kujaa, saa ya kwanza hupanda sehemu 1, ya pili sehemu 2, ya tatu sehemu 3, ya nne sehemu 3, ya tano sehemu 2, ya sita sehemu 1.

Tuseme jedwali linaonyesha maji ya chini ni mita 0.3 saa nne na dakika ishirini, na ya juu yatafika mita 3.9. Tofauti ni mita 3.6, na kila sehemu ni sentimita 30. Saa ya kwanza yanapanda sentimita 30, unaona kama hayajafanya kitu. Saa ya pili yanaongeza 60. Kufika saa sita na dakika ishirini mchana yameshapanda sentimita 90: pale yalipokuwa ya kifundo sasa ni ya kiunoni. Saa inayofuata yanapanda 90 nyingine!

Na mara nyingi kati ya shamba na ufuko kuna mfereji au bonde. Linajaa kabla ya shamba lako. Wewe unafunga mbegu huku miguu ikiwa kwenye maji kidogo, kumbe njia ya kurudia imeshakuwa ya kifua, tena una gunia la mwani mbichi mgongoni na hujui kuogelea.

Kanuni ninayowapa vikundi: maji yakigeuka, hesabu saa moja, anza kurudi. Kazi isiyokwisha ibaki. Bamvua haiishi siku moja, kesho maji yatapwa tena.

Wimbi la nje si wimbi la shambani

Paje kuna vijana na wageni wanaocheza kaiti, ile tiara kubwa inayomvuta mtu juu ya maji. Wao kila asubuhi wanaangalia ripoti ya upepo na mawimbi kwenye Windguru au Windy. Ripoti hizo ni wazi kwa kila mtu, na mkulima wa mwani anazihitaji kuliko wao. Mchezaji akikosa upepo anakwenda kunywa madafu. Wewe ukikosea unapoteza kamba.

Ila zisome kwa akili. Upepo huko huandikwa kwa noti, yaani maili za baharini kwa saa. Noti 1 ni karibu kilomita 1.85 kwa saa, kwa hiyo noti 20 ni kilomita 37. Na urefu wa wimbi unaoandikwa ni wa bahari kuu, nje ya mwamba. Shamba lako liko ndani ya mwamba.

Mwamba ndio ukuta wako, na urefu wa ukuta huo unabadilika kila saa. Wimbi huvunjika kina cha maji kikipungua hadi kama mara moja na robo ya urefu wake. Maji yakiwa yamepwa na juu ya mwamba kuna sentimita 60 tu, wimbi la mita 2 linavunjikia pale pale. Unaliona jeupe kwa mbali, unasikia ngurumo, lakini shambani ni shwari. Maji yakijaa, na juu ya mwamba kukawa na mita 2 na nusu, wimbi lile lile linaingia nalo likiwa zima. Linapiga vigingi, linavuta kamba, taitai zinaachia, na mwani unaelea kwenda kwa wenzako.

Kwa hiyo upepo peke yake haukwambii kitu. Upepo mkali siku ya maji mafu, mwamba unapunguza sana kishindo chake. Upepo ule ule siku ya bamvua, maji yakiwa juu, ndio unaovunja shamba. Na wewe huuoni ukivunja, kwa sababu wakati huo uko nyumbani. Unashuka kesho yake asubuhi bahari imetulia, kamba ziko tupu, unaanza kumtilia shaka jirani.

Angalia pia sekunde zinazoandikwa pembeni ya urefu wa wimbi. Sekunde 5 au 6 ni mawimbi ya upepo wa hapa hapa. Sekunde 10 na kuendelea ni mawimbi yaliyosafiri kutoka mbali. Hayo yanaweza kufika hata siku ambayo kwako hakuna upepo, na yana nguvu kuliko yanavyoonekana.

Kila msimu na adui yake

Kusi, kuanzia Mei hadi Septemba, huleta upepo wa nguvu kutoka kusini na kusini mashariki. Maji yanapoa, mwani unapenda, lakini kamba zinateseka. Huu ni msimu wa kukaza vigingi na kubadilisha taitai zilizochoka.

Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, adui mkubwa ni joto. Kumbuka nilichosema: bamvua maji hupwa saa nne, saa tano. Kwa hiyo maji yanakuwa machache pale pale jua linapopanda utosini. Dimbwi la magotini linachemka kama supu. Mwani ukishachoka kwa joto, shina hupauka, linakuwa jeupe na laini, kisha linakatika. Cottonii, wenye bei nzuri, ndio dhaifu zaidi, na ndiyo maana umepotea kwenye mashamba mengi ya maji mafupi. Spinosum unavumilia zaidi. Kama unautaka cottonii, fikiria kamba za kuelea kwenye maji ya kina, lakini hapo utahitaji chombo, watu wanaojua kuogelea na jaketi la kuokolea maisha kwa kila mmoja.

Masika, Machi hadi Mei, mvua kubwa ikinyesha maji yakiwa yamepwa hupunguza chumvi shambani ghafla, na mwani unapauka vile vile. Halafu kuna kukausha. Kilo 7 hadi 10 za mwani mbichi hutoa kilo 1 kavu, na unahitaji siku mbili tatu za jua. Kwa hiyo siku ya kuvuna usiangalie hali ya hewa ya leo peke yake, angalia na siku tatu zinazofuata. Mvua ikidokezwa, vuna kidogo, anika kwenye chanja na turubai liwe karibu. Mwani ulionyeshewa unapoteza ubora, na mnunuzi anauona.

Msidharau pia vimbunga. Mapema Mei 2024, Hidaya ilifika pwani ya Tanzania upande wa Mafia. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, ikitoa angalizo au tahadhari ya upepo mkali na mawimbi makubwa, siku hiyo hakuna kushuka. Hakuna kilo ya mwani inayolingana na mtu.

Maswali manne ya kila jioni

Chukua daftari. Kila jioni, dakika kumi tu, jibu haya:

1. Kesho maji ya chini ni saa ngapi, mita ngapi? Na ya juu je?
2. TMA wanasema nini kuhusu upepo, mawimbi na mvua? Kuna angalizo?
3. Upepo mkali utakutana na maji ya juu ya bamvua?
4. Kamba zangu zina umri wa wiki ngapi?

Swali la tatu likiwa "ndiyo", la nne ndilo linaloamua. Kamba zenye wiki tano au zaidi, vuna kabla upepo haujafika. Utapoteza uzito kidogo, lakini utakuwa na cha kukausha. Kamba za chini ya wiki tatu, ziache, kaza vigingi na rudia mafundo. Za katikati, vuna zile zilizo karibu na mlango wa mwamba, ambako wimbi linaingia kwanza, na uache za ndani. Na daima hifadhi mbegu sehemu iliyotulia, ili hata bahari ikichukua, uwe na pa kuanzia.

Baada ya upepo kupita, andika kilichotokea: noti ngapi, maji mita ngapi, kamba ngapi zimekatika na za upande gani. Baada ya mwaka mmoja daftari hilo litakwambia kuhusu ufuko wako mambo ambayo hakuna programu ya simu inayoyajua. Litakwambia hata fungu lipi la shamba lihamishwe kabla kusi halijaanza.

Anza jioni ya leo. Angalia mwezi, fungua jedwali, andika mstari wa kwanza. Na ukishuka, usishuke peke yako, na waambie nyumbani saa ya kurudi.

Kazi njema, na bahari iwe shwari.