Anayekataa Kuanguka

Mtu mzima anayekuja kujifunza judo kwa mara ya kwanza namtambua kwa mikono. Akishikana na mwenzake kwenye mkeka, huinyoosha ikawa kama miti, hukaza mabega na kurudisha makalio nyuma. Hashambulii, wala hashambuliki kwa urahisi. Nikimuuliza anafanya nini, hunijibu kwamba anajilinda. Ninavyomtazama, anailinda nafsi yake: hataki kuonekana chali mbele ya watu, tena wengine wadogo kwake kwa umri.

Walimu wengi hulichukulia jambo hili kuwa la adabu, mwanafunzi akaambiwa aache majivuno. Mimi naona linaanzia mwilini. Mikono iliyokazwa inampa mpinzani habari zako zote. Ukimsukuma, kupitia koti ulilomshika anahisi uzito wako unaelekea wapi, na hapo hahitaji nguvu nyingi. Anakuvuta kulekule ulikokuwa ukienda. Wajapani huiita hatua hiyo kuzushi, yaani kumyumbisha mtu mpaka asimame vibaya, ndipo atupwe. Mwili uliolegea kiasi huyumba ukarudi. Uliokazwa huenda wote kwa mkupuo, kama kabati.

Ndiyo maana kabla ya kutupa tunafundisha ukemi, ufundi wa kuanguka: kidevu kifuani, mgongo uviringike, mkono mzima uupige mkeka ubavuni ili kishindo kisambae. Aliyekubali kwamba ameshatupwa hupata nafasi ya kufanya hayo yote. Anayekataa mpaka mwisho hutanguliza kiganja, na uzito wake wote ukaishia kwenye kifundo cha mkono, kiwiko au mtulinga. Nimewapeleka watu hospitali kwa sababu ya kiganja hicho, na kila mara nimejilaumu kwamba sikuwarudisha kwenye kuanguka mapema zaidi.

Kisha kuna kugonga. Ukibanwa kiungo, au ukipigwa ile ambayo mitaani huitwa roba, unampiga mwenzako kwa kiganja mara mbili, naye anaachia papo hapo. Roba iliyokaa sawasawa hubana mishipa ya damu pande zote mbili za shingo, na mtu anaweza kuzimia ndani ya sekunde chache bila hata kusikia maumivu makali. Hakuna ushujaa wa kuvumilia hapo, kwa kuwa ubongo hauombi ruhusa.

Katika historia ya michezo hii, kisa cha kukataa kugonga kinachotajwa sana ni cha Oktoba 1951, katika uwanja wa Maracanã, Rio de Janeiro. Masahiko Kimura, bingwa wa judo kutoka Japani, alipambana na Hélio Gracie wa Brazili, aliyekuwa mwepesi kuliko yeye. Kimura aliukunja mkono wa Gracie kwa mbinu iitwayo ude-garami. Mkono ukavunjika, Gracie hakugonga; kaka yake Carlos ndiye aliyerusha taulo kumaliza pambano. Wengi humsifu Gracie kwa moyo ule, nami siwezi kuudharau. Lakini ule ulikuwa usiku mmoja, mbele ya umati. Kijana anayeuleta moyo huohuo kwenye mazoezi ya Jumanne hununua miezi ya kukaa pembeni, wakati mwenzake aliyegonga mara ishirini jioni hiyo ameondoka na makosa ishirini ya kuyafikiria. Kinachonigusa zaidi ni kilichofuata: mbinu ile Brazili ikapewa jina la Kimura, na hadi leo wanafunzi wa jiu-jitsu ya akina Gracie hulitamka jina la mtu aliyemshinda mwalimu wao.

Nimewasema wanafunzi, ila sisi wenye mikanda myeusi ndio wagonjwa zaidi. Anayeanza hana sifa ya kupoteza. Mwalimu anayo, na njia ya kuilinda ni rahisi mno: anachagua wa kushikana nao, au anabaki pembeni akitoa maelekezo tu. Nimewahi kufanya hivyo mwaka mzima, nikisingizia goti.

Mwalimu aliyefanya kinyume changu yumo katika mwanzo wa judo yenyewe. Jigoro Kano aliianzisha mwaka 1882, akiwa na miaka 21, katika ukumbi wa mikeka 12 ndani ya hekalu la Eisho-ji, Tokyo. Mwalimu wake wa jujutsu, Tsunetoshi Iikubo, alikuwa akifika hapo kumfundisha. Kano alisimulia baadaye kwamba Iikubo, ingawa alikuwa amevuka miaka hamsini, alikuwa akimtupa kila waliposhikana. Siku moja mambo yakageuka: Kano ndiye aliyetupa, tena na tena, na mzee hakuweza kumwangusha. Iikubo hakusingizia umri wala uchovu. Alimuuliza mwanafunzi wake amefanyaje. Kano akamweleza alichokuwa amekichunguza, namna ya kumyumbisha mtu kwanza kabla ya kumtupa. Mzee akakubali kwamba ni kweli, na kwamba upande huo hana tena la kumfundisha.

Tangu hapo hawakushindana tena. Lakini Kano aliendelea kujifunza kata, yaani mifuatano ya miondoko iliyopangwa, kwa Iikubo, mwalimu yuleyule aliyekwisha kutupwa naye.