Wokovu, Dini na Historia ya Freretown

Je, imani ya Kikristo ni dini, au ni jambo jingine kabisa? Waumini wengi wa makanisa ya kipentekoste ya Likoni, Kisauni na Changamwe, mjini Mombasa, hujibu bila kusita kwamba wokovu si dini. Kwao dini ni mambo ambayo mtu huyarithi kwa wazazi, kama vile jina la ubatizo na sikukuu za mwaka, na mtu anaweza kuyashika yote hadi kaburini bila kumjua Mungu. Wokovu ni kukutana na Kristo mwenyewe, kutubu na kuanza maisha mapya.

Dai hili si geni. Mwanateolojia wa Uswisi, Karl Barth, alilitoa mwaka 1938 kwa ukali unaowazidi wahubiri wengi wa leo. Alisema dini ni jitihada za binadamu za kumfikia Mungu kwa nguvu zake mwenyewe, na kwa hiyo ni namna ya kutoamini. Lakini hakuuacha Ukristo nje ya hukumu hiyo. Aliuhesabu kuwa dini kama nyingine, ambayo Mungu huihukumu na kuisamehe kama anavyomsamehe mwenye dhambi. Sehemu hii ya pili husahauliwa sana, nayo ndiyo yenye uzito zaidi.

Afrika Mashariki fikra kwamba wokovu si dini ilienezwa na uamsho uliochipuka Gahini, Rwanda, na kufika Kenya mwaka 1937. Waliookoka walisimama hadharani kuungama dhambi zao, na hata makasisi hawakusalimika na maonyo yao. Hata hivyo wengi wao walibaki katika makanisa yale yale, wakabatiza watoto wao na kushiriki Meza ya Bwana pamoja na wale waliowaona kuwa wamelala.

Historia ya Kisauni inasaidia kueleza kwa nini kutenganisha mambo haya mawili si rahisi. Mwaka 1875 wamisionari wa Church Missionary Society (CMS) walianzisha Freretown huko Kisauni, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, iwe makazi ya watu waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa. Wengi walikuwa wametekwa wakiwa watoto, mbali bara, na hawakuwa na mzee wa kuwaambia ukoo wao. Walipewa majina mapya, shule, mashamba, ibada za kila siku na kengele ya kuwatahadharisha wavamizi walipokaribia. Mnara wake ungali umesimama Kengeleni, magari yakiupita kutwa. Kwa watu waliopokonywa jamaa zao wote, dini ndiyo iliyowapa ndugu wa kuwaozesha na kuwazika. Waraka wa Yakobo unaitaja dini iliyo safi kuwa ni kuwatazama yatima na wajane katika dhiki yao. Anayesema dini ni ganda tupu anawasahau yatima wa Freretown.

Utaratibu huo ulikuwa na ubaya wake pia. Wamisionari walitawala kijiji kwa amri, na hata kwa viboko. Lakini hapo hapo wakatokea viongozi Waafrika kama William Jones na Ishmael Semler, waliofanywa mashemasi mwaka 1885. Chuo cha wachungaji kilichoanzishwa Freretown mwaka 1903 kilihamia Limuru mwaka 1930, na leo ni Chuo Kikuu cha St. Paul's. James Mbotela, mzaliwa wa jamii hiyo, alisimulia habari za wazee wake katika kitabu Uhuru wa Watumwa, mwaka 1934.

Bara kidogo, Ugiriamani, mambo yalianza kwa njia nyingine. Huko watu wachache walikusanyika kuisoma Injili bila mmisionari wa kuwasimamia. Miongoni mwao alitokea David Koi, aliyeongoza Fuladoyo, kijiji kilichowapa hifadhi watumwa watoro, na aliyeuawa kwa ajili hiyo mwaka 1883. Imani yao haikuletwa na taasisi. Lakini nao hawakukaa muda mrefu bila ibada, kiongozi na kanuni za kuishi pamoja.

Hali ni hiyo hiyo leo katika ukumbi wa mabati wenye viti vya plastiki na spika mbili mlangoni. Kuna mchungaji, fungu la kumi, ubatizo wa maji mengi, kesha la Ijumaa na cheti cha usajili. Waumini wakifunga ndoa hapo, Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inaitambua kuwa ndoa ya Kikristo. Katiba ya mwaka 2010, inayosema Kenya haina dini ya taifa, inalinda mikutano yao chini ya uhuru wa dini.

Lakini uhuru huo una hatari zake. Mwaka 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa msituni Shakahola, kaunti ya Kilifi, ya watu waliohimizwa na mhubiri wao kufunga hadi kufa wakamwone Yesu. Tangu hapo mjadala wa kusimamia makanisa umekuwa mkali. Msajili hawezi kuupima wokovu wa mtu. Anachoweza kuuliza ni nani anayehubiri, fedha za sadaka zinakwenda wapi, na kama mgonjwa anaruhusiwa kwenda hospitali. Hayo ni mambo ya dini, na waumini wa kanisa lisilotaka kuitwa dini wana haki ya kuyauliza pia.