Skrini yazima Nakivale: Kapasita mbili zarudisha kioski kazini

NAKIVALE/MBARARA. Kompyuta haikuwa mbovu. Iliwaka, feni ikazunguka, taa ya skrini ikawa kijani, picha ikaonekana kwa sekunde mbili, kisha giza. Kioski cha kuchapa barua na kutoa nakala kilichopo Base Camp, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kikasimama. Wateja walifika na fomu zao wakarudi nazo.

Mwenye kioski, mama aliyetoka Kivu Kusini, alishauriwa anunue skrini nyingine Mbarara. Kutoka Nakivale hadi mjini ni takriban kilomita 60, na anayefunga duka kwa siku nzima hupoteza nauli pamoja na mauzo. Badala yake alimwita kijana wa jirani, ambaye hakuwahi kutengeneza skrini, ila alikuwa na bisibisi, mita ya kupimia umeme na pasi ya kulehemu aliyokuwa akitumia kwenye redio.

Nakivale, wilayani Isingiro, ilifunguliwa mwaka 1958 na ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani zaidi barani Afrika. Wakongomani, Warundi, Wasomali na Wanyarwanda wanauziana humo, na Kiswahili kinawaunganisha sokoni. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inawaruhusu kufanya kazi na biashara, ndiyo maana vioski vya aina hii ni riziki ya familia nyingi.

Kijana huyo hakuanza kwa kufungua. Kwanza alibadilisha waya wa umeme, kisha waya wa picha, kisha akaiunganisha skrini kwenye kompyuta nyingine. Tatizo lilibaki. Ndipo akawasha tochi na kuimulika skrini iliyozima kwa pembeni. Picha ilikuwepo, hafifu sana. Hiyo ilimwambia kwamba kioo ni kizima na kompyuta inatuma picha. Kilichokufa ni mwanga wa nyuma, au bodi inayoupa umeme.

Skrini za aina hii, hasa zilizotengenezwa miaka ya 2000, zina ugonjwa unaojulikana na mafundi wengi: kapasita za bodi ya umeme huvimba. Kapasita nzima ina kichwa bapa. Iliyokufa hutuna juu kama kifuniko cha kopo lililoharibika, au huvuja maji ya kahawia. Umeme unaopanda na kushuka, joto na vumbi huharakisha kifo chake.

Hapa ndipo mwanafunzi anaweza kuumia. Ndani ya bodi hiyo kuna kapasita moja kubwa inayoweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata baada ya plagi kuchomolewa. Kijana aliiacha skrini bila umeme usiku mzima, na asubuhi akapima kwa mita kabla ya kugusa chochote. Fremu aliifungua kwa kadi ya plastiki badala ya bisibisi, ili asivunje kingo, na akapiga picha kwa simu kabla ya kuchomoa kila waya.

Alikuta kapasita mbili zimevimba. Aliandika kilichosomeka ubavuni: mikrofaradi 1000, volti 16, nyuzi 105. Karatasi hiyo ikapanda teksi kwenda Mbarara mikononi mwa mfanyabiashara wa vitenge aliyekuwa akifuata mzigo wake.

Jioni mzigo ulirudi na kapasita za mikrofaradi 1000, lakini za volti 10. Mama alitaka zifungwe hivyo hivyo, maana siku ya tatu ilikuwa inaisha bila mauzo. Kijana alikataa, akamweleza kwa heshima kwamba volti zinaweza kuzidi za awali lakini zisipungue, la sivyo zitapasuka. Siku ya nne zikaja za volti 25. Zilikuwa nene kidogo, lakini zilienea. Alihakikisha mstari wa upande hasi unaelekea pale ulipokuwa mwanzo, akalehemu, akarudisha fremu. Skrini iliwaka na haikuzima. Bei ya kapasita zote mbili ilikuwa chini ya nauli ya safari moja ya mjini.

Habari zikaenea. Jirani mmoja akaleta skrini iliyopasuka kioo, mwingine televisheni ya zamani yenye mgongo mkubwa. Zote zilirudishwa. Kioo kilichopasuka hakilehemiwi, na bei ya kipya hukaribia ya skrini nzima. Televisheni ya mgongo hubeba maelfu ya volti na si kazi ya anayeanza.

Kwa wafanyabiashara wanaobeba vifaa kutoka Mbarara kupitia Kabingo hadi Kikagati, na kuvuka mto Kagera kuingia Murongo, Tanzania, kisa hiki kina somo la sokoni. Skrini iliyotumika isinunuliwe kwa kuwashwa dakika moja. Iache iwake nusu saa, kwa sababu hitilafu nyingine hujificha mpaka skrini ipate joto. Inayouzwa kwa bei ya chuma chakavu imulikwe tochi kwanza: picha hafifu ikionekana, huenda inaponyeka.

Mpakani, wengi huamini kila mzigo mdogo unapita kwa cheti rahisi cha uasili cha Jumuiya ya Afrika Mashariki. Cheti hicho ni cha bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, kwa mzigo usiozidi dola 2,000. Skrini iliyotengenezwa Asia haihusiki, hata ikiwa imekaa Mbarara miaka kumi. Vifaa vya kielektroniki vilivyotumika pia huwekewa masharti yake na kila nchi, hivyo forodha iulizwe kabla ya kupakia.

Kioski cha Base Camp kilifunguliwa asubuhi ya siku ya tano. Kapasita za volti 10 hazikutupwa. Kijana amezifunga kwenye karatasi na kuandika juu yake, kwa kalamu nyekundu, kwamba si za skrini.