Samaki wa kuoka bila oveni: Mtoto apate mnofu, si mchuzi tu

Katika nyumba nyingi samaki akipikwa, mtoto mdogo huambulia mchuzi. Mama anahofia mwiba kumkwama kooni, hivyo ugali au ndizi zake hulowanishwa kwa rojo na mnofu hubaki kwa wakubwa. Hofu hiyo ina msingi, lakini sehemu kubwa ya protini imo kwenye mnofu.

Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Kushiba wanga bila protini ya kutosha ni moja ya sababu.

Suluhisho rahisi ni kutoa miiba mapema na kuoka minofu. Mapishi mengi ya namna hii hutaja jibini na oveni. Kwa mzazi aliyeko Mbuba, wilayani Ngara, vyote viwili vina mbadala.

Kuchagua samaki
Kutoka Ziwa Viktoria hadi Mbuba ni safari ndefu kwa sangara au sato mbichi. Chagua mwenye macho maangavu na matamvua mekundu, ambaye nyama yake ukiibonyeza inarudi. Akinuka vibaya, mwache. Ukishakata minofu, pitisha kidole taratibu na kung'oa kila mwiba unaougusa.

Kuandaa
Paka minofu limao, kitunguu saumu na chumvi kidogo. Ichovye kwenye yai lililopigwa, kisha ifunike kwa chenga za mkate mkavu zilizochanganywa na unga wa karanga. Karanga zenye ukungu au zilizosinyaa zitupwe, kwani zinaweza kuwa na sumukuvu. Ukipata jibini, kwaruza vijiko viwili juu yake na uache chumvi, maana jibini ina chumvi tayari.

Kuoka
Panga minofu kwenye sufuria iliyopakwa mafuta kidogo. Weka makaa machache chini na mengi zaidi juu ya mfuniko, kama unavyooka keki. Baada ya dakika 20 hivi, chungulia. Samaki ameiva iwapo nyama imekuwa nyeupe hadi katikati na inachambuka kwa uma. Pikia nje au penye hewa ya kutosha, kwa sababu mkaa hutoa gesi ya sumu isiyo na harufu.

Kumlisha mtoto
Mtoto aliyetimiza miezi sita anaweza kula samaki aliyepondwa laini, huku akiendelea kunyonya. Kwake anza na mnofu mtupu. Yai na karanga mwonjeshe kwa siku tofauti, ili akivimba midomo, akitokwa vipele au akitapika ujue chanzo. Akipumua kwa shida, mkimbize kituo cha afya. Hata mnofu uliosafishwa, uchambue tena kwa vidole kabla ya kumpa.

Wiki ambayo fedha haitoshi kununua minofu, dagaa waliosafishwa, wakakaushwa na kusagwa huchanganywa kwenye uji au mboga. Kwa kuwa husagwa na mifupa yao, humpa mtoto pia madini ya kalsiamu, ambayo wengine huyapata kwenye jibini.

Chakula kikiwa tayari, pakua sahani ya mtoto kwanza, na mnofu uwemo.