Jinsi gitaa la kawaida linavyoweza kubeba besi katika rekodi za nyumbani

Kompyuta, maikrofoni na gitaa moja vinatosha kumwezesha mwanamuziki wa Naguru, kilima kilichoko mashariki mwa Kampala, kurekodi wimbo chumbani kwake. Kinachokosekana mara nyingi ni gitaa la besi. Bila besi wimbo husikika mwepesi, na udhaifu huo hudhihirika zaidi unapopigwa ukumbini au redioni baada ya wimbo uliorekodiwa studio.

Je, gitaa la kawaida linaweza kuziba pengo hilo? Linaweza, lakini kwa masharti.

Tofauti iko wapi?

Uzi mnene kuliko yote wa gitaa la kawaida hutetemeka takriban mara 82 kwa sekunde. Ule wa gitaa la besi lenye nyuzi nne hutetemeka mara 41, yaani nusu yake. Wanamuziki huiita tofauti hiyo oktava moja: noti ni ileile, ila imeshuka.

Kulegeza nyuzi hakutoshi. Sehemu ya uzi inayotetemeka kwenye gitaa la umeme ina urefu wa takriban sentimita 65, ilhali kwenye besi hufikia 86. Uzi mfupi na mwembamba ukilegezwa kiasi hicho hugonga shingo ya gitaa na kukwaruza.

Kuishusha sauti kwa kompyuta

Njia rahisi ni kurekodi gitaa kama kawaida, kisha kuishusha sauti kwa nusu-toni 12 ndani ya programu ya kurekodi. Audacity, inayopatikana bila malipo, huifanya kazi hiyo bila kuhitaji intaneti ikishawekwa kwenye kompyuta. Sharti ni kupiga noti moja moja, kwa sababu noti kadhaa zikishushwa pamoja huvurugika.

Njia ya pili ni ya zamani zaidi, tangu enzi za kanda: kupiga kwa mwendo maradufu, kisha kupunguza kasi ya rekodi kwa nusu. Mwendo hurudi kuwa wa kawaida na sauti hushuka oktava moja. Njia hii haifai kwa wimbo wa kasi, kwani vidole haviwezi kuufuata.

Mkono nao una kazi

Kompyuta hushusha noti, lakini haimfundishi mpigaji kufikiri kama mpiga besi. Inafaa kutumia kinasa sauti cha gitaa kilicho karibu na shingo, kupunguza ukali wa sauti, na kupiga kwa kidole gumba badala ya kipande cha plastiki. Kiganja kikigusa nyuzi kidogo karibu na daraja, noti hukatika upesi na kuiachia ngoma nafasi.

Uganda ina mfano wake wa karibu. Kadongo kamu, jina la Kiganda lenye maana ya gitaa dogo moja, ni muziki ambao kwa asili mwimbaji husindikizwa na gitaa pekee. Katika mtindo huo, uliomjengea jina marehemu Paulo Kafeero, gitaa hilo moja ndilo hubeba noti nzito na mdundo. Anayeusikiliza kwa makini hujifunza kuwa nguvu ya besi hutokana na kuchagua noti chache na kuzipiga kwa wakati wake.

Jaribio la simu

Spika ndogo ya simu haiwezi kutoa vizuri mitetemo 41 kwa sekunde. Sikio huitambua besi kupitia mitetemo ya juu inayoambatana na noti hiyo, kama vile 82 na 123. Kwa hiyo kuongeza mkwaruzo kidogo kwenye sauti iliyoshushwa huifanya isikike hata kwenye simu, ambako wasikilizaji wengi huukuta wimbo kwa mara ya kwanza.

Kabla ya kuutoa wimbo, ni vyema kuusikiliza kwa simu, kwa visikilizi vya masikioni na kwa spika kubwa. Besi ikisikika kote kuwili, kwa udogo na kwa ukubwa, gitaa limefanya kazi mbili.