Hashia za Kompyuta: Ziandikwe kwa Lugha Gani?

Sisi tuliokaa kwenye mkeka wa madrasa twaijua desturi hii. Maalim husoma matini ya Kiarabu, kisha huifasiri kwa Kiswahili, nasi twaandika pembeni mwa kitabu maneno machache ya kutukumbusha. Hiyo ndiyo hashia. Kitabu kikirithiwa na mjukuu, mara nyingi hashia ndiyo imfaayo zaidi.

Sikujua kwamba mafundi wa kompyuta nao wana hashia zao, hata usiku mmoja mpwa wangu aliponijia, uso umemshuka. "Mjomba, nimeharibu," akasema.

Alikuwa amepewa kazi ya kurekebisha programu ya hesabu katika duka moja la jumla hapa Mombasa. Ndani yake aliona mstari unaogawa kila bei kwa 100. Juu yake palikuwa na maelezo ya Kireno, lugha asiyoijua. Akadhani ni kosa la mtu, akaufuta mstari. Asubuhi yake, mzigo wa shilingi 200 ukatoka kwenye risiti kwa shilingi 20,000! Alipopata wa kumfasiria, kumbe maneno yale yasema: bei zimewekwa kwa senti, usiuondoe mstari huu.

Msomaji, usimcheke kijana. Mashine huyaruka maelezo hayo. Huandikwa kwa ajili ya binadamu atakayekuja baadaye. Basi yakiwa kwa lugha asiyoijua, ni kama hayakuandikwa.

Hata wakubwa yamewapata. Programu ya StarOffice ilitungwa na kampuni ya Star Division, iliyoanzishwa Lüneburg, Ujerumani, na maelezo yake mengi yalikuwa ya Kijerumani. Mwaka 1999 kampuni ile ikanunuliwa na Sun Microsystems ya Marekani. Mwaka 2000 maandishi ya programu yakafunguliwa kwa watu wote kwa jina la OpenOffice.org, na mwaka 2010 ikazaliwa LibreOffice. Mafundi wa nchi nyingine wakakuta maelfu ya mistari wasiyoweza kuisoma. Watu wa kujitolea wakaifasiri kwa Kiingereza kidogo kidogo, kazi ya miaka.

Je, hakuna dawa? Ipo Doxygen, iliyotolewa mwaka 1997 na Mholanzi Dimitri van Heesch. Hukusanya maelezo yaliyomo ndani ya programu na kuyafanya kitabu. Mwandishi akitia alama maalumu na jina la lugha mbele ya kila fungu, kitabu hutoka kwa lugha iliyotakiwa, nyingine zikaachwa.

Mpwa wangu akafurahi. "Basi nitaandika Kiswahili na Kiingereza pamoja!"

Nikamwuliza, "Na ukibadilisha mstari, utazikumbuka hashia zote mbili?" Akanyamaza. Hashia iliyosahauliwa ni mbaya kuliko isiyokuwapo, maana hudanganya kwa lugha fasaha.

Rai yangu ni hii. Kazi itakayorithiwa na watu wa hapa ielezwe kwa Kiswahili bila haya. Itakayovuka bahari ielezwe kwa Kiingereza. Lugha mbili ziwekwe pale penye hatari tu.

Mstari ule ameurudisha, na juu yake ameandika kwa lugha zote mbili kwamba bei ni kwa senti. Mimi, nisiyejua kuiwasha hiyo kompyuta, nimeusoma Uswahili wake nikauelewa.